Rangi ya Taungamoa

Kikohozi. Kimoja tu, kikavu, cha mwanamume asafishaye koo kabla ya kusema neno. Kisha simu ikakatika.

Hicho ndicho alichokisikia Toakase mchana ule wa mvua, akiwa amesimama kwenye korido ya ofisi yetu hapa Nuku'alofa, mji mkuu wa visiwa vyetu, kikombe cha chai mkononi. Alipoitazama simu aliona jina la kaka yake, Isileli. Akampigia. Haikuita. Akapiga tena, na tena, chai ikapoa, mvua ikaendelea kugonga bati. Ilibidi mtu avuke kwa boti kutoka kisiwa cha Taungamoa hadi kisiwa jirani ndipo habari itufikie, na habari yenyewe ilikuwa kwamba Isileli amefariki.

Katika maisha yao yote Isileli hakuwahi kumpigia dada yake simu. Kwetu kaka na dada huheshimiana kwa kukaa mbali. Wakishapevuka hawalali chini ya paa moja, hawatazami sinema pamoja, hawataniani. Kaka akiikaribia nyumba aliyomo dada yake hukohoa mlangoni, ili dada ajifunike, au ainuke atoke, au wanaoongea upuuzi waache. Toakase alikua akikisikia kikohozi hicho kila jioni. Sasa kilikuwa kimemfikia kupitia simu, na hakujua kama alichokisikia kilikuwa adabu au kilikuwa ugonjwa.

Nimefanya kazi naye miaka mingi, ndiyo maana nayasema haya. Ni mwanamke mrefu, mtembea polepole, mwenye kicheko cha puani. Alisomea ng'ambo, Suva, akarudi na miwani na mazoea ya kula peke yake. Kazi yake ni kugawa mwanga. Mama yake, akiulizwa binti anafanya nini mjini, alikuwa akijibu, "Anauza taa," na Toakase hakuwahi kumsahihisha.

Chini ya bahari kumelazwa mkongo, na ndani ya mkongo mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele. Katika uzi mmoja hupita rangi nyingi za mwanga kwa pamoja bila kugusana, rangi ambazo jicho halizioni, na kila rangi ni njia: hii ya Ha'apai, hii ya Vava'u, hii ya hospitali. Rangi hazitoshi. Hazijawahi kutosha. Zamani kila kisiwa kilikuwa na rangi yake ya kudumu, kiongee kisiongee. Kulikuwa na visiwa ambavyo njia zao zilikaa tupu mchana kutwa, na kwingine wanafunzi walitazama kiduara kikizunguka kwenye simu mpaka mtihani ukapita.

Toakase ndiye aliyekuja na mgao mpya. Mashine ipime, kwa wiki moja iliyotangazwa, watu wa kila kisiwa wanataka kuongea kiasi gani. Hata simu isiyopita ihesabiwe, alisema, maana nyuma yake yupo mtu aliyetaka. Kisha rangi zigawanywe kwa haja. Na akaweka sharti: mgao ukishafungwa, mkono wa mtu usiuguse mpaka mwaka uzunguke. Si mkono wa waziri, si wa chifu, si wa meneja, si wake yeye. Anaijua nchi yake. Bila sharti hilo kila mwenye cheo angefika na keki na nguruwe wa kuchoma kukiombea rangi kijiji chake.

Mgao ulifanya kazi vizuri mno. Hospitali ya Neiafu ilianza kutuma picha za wagonjwa zikafika zikiwa safi. Watoto wa shule walisoma. Sisi ofisini tulikula, tukaimba, meneja wetu Kitione akatoa hotuba ndefu hadi vyakula vikaingia nzi.

Kasoro ilikuwa moja. Wiki ile ya kwanza ya kupima, chifu wa Taungamoa alikuwa amekufa.

Taungamoa ni kisiwa cha upande wa mama yake Toakase, huko kaskazini, ndiko alikobaki Isileli akifundisha shule. Chifu akifa, Taungamoa hunyamaza. Wanawake hawagongi magome ya kutengenezea nguo, vijana hawachezi, watoto hawapigi kelele ufukweni. Tangu simu zilipoingia, wazee waliziweka nazo ndani ya mwiko: zizimwe mpaka matanga yaanuliwe. Mashine ilipopita huko ikakuta kimya. Ikahesabu kwamba hawana haja.

Na Toakase alijua. Hilo ndilo linalomla. Wiki ile alikuja kazini amevaa nyeusi, na juu yake mkeka wa msiba kiunoni, ule mkubwa uliochakaa, ukikwaruza kiti kila alipogeuka. Sote tuliuona. Sote tulimpa pole. Akakaa na mkeka wake kiunoni, akaipokea sifuri ya Taungamoa, akaipitisha. Mgeni angeuliza, "Hawa mbona hawaongei?" Sisi hatukuuliza. Kimya cha msiba kwetu hakionekani kuwa pengo. Ni jambo lililo mahali pake, kama kofia kuvuliwa kanisani, na nani huhesabu kofia ambazo hazipo vichwani?

Basi rangi ya Taungamoa ikapewa Neiafu, na kisiwa kikarudishwa kwenye mnara wa zamani wa redio, ule unaokohoa kila wingu likipita. Watu wa Taungamoa walijaribu kupiga, simu zikakatika, wakachoka, wakaacha.

Lakini tawi la mkongo liendalo Taungamoa bado lipo chini ya bahari, na uzi hauachwi na pengo. Zile mashine za kukuza mwanga zilizolala sakafuni hugawa nguvu zao kwa kile zinachokiona. Rangi moja ikikosekana, zilizobaki huwaka kupita kiasi na kuharibika. Kwa hiyo ndani ya tawi hilo, pale palipokuwa na rangi ya Taungamoa, tuliweka mwanga mtupu, mwanga usiobeba neno, wa kushika nafasi. Kwenye skrini kila rangi huchorwa kama kilele, na chake kinasimama sawasawa na vingine. Ukivitazama vyote vimejipanga, huwezi kujua kipi kina watu ndani.

Baada ya Isileli kuzikwa, Toakase alirudi kazini, na kazi yake ikawa kukitazama kile kilele.

Mwanzoni Feleti, fundi mwenzetu asiyejua kunyamaza, alimtania. "Dada Kase, huyo mchumba hakukonyezi? Siku nzima unamkodolea macho!" Kisha akaona ni kilele kipi, akajishughulisha na nyaya zake.

Alikuwa akitafuta kitu katika mwanga ule. Mtetemo. Alama. Anajua kuliko sote kwamba hamna kitu, kwamba mashine ndiyo inayoutengeneza na mashine ndiyo inayoupokea. Hata hivyo adhuhuri moja nilimkuta chumba cha mitambo, ameegemeza sikio kwenye kabati la chuma.

"Unasikiliza nini, dada?"

"Feni."

"Zinasemaje?"

Akaondoa sikio, akavaa miwani yake. "Zinasafisha koo," akasema, akatoka.

Nilibaki mle ndani peke yangu. Naapa kwamba nami nilizisikia.

Mwaka ulizunguka, wiki ya kupima ikatangazwa tena makanisani, visiwa vyote. Na Taungamoa walikuwa bado matangani. Safari hii walikuwa wanamlilia Isileli. Hakuwa chifu, lakini nusu ya kisiwa ilijifunza kusoma kwake, na wazee walikuwa wamesema: simu zizimwe, magome yasigongwe, mpaka mawe ya kaburi lake yaoshwe. Siku ya kuosha mawe ilikuwa baada ya wiki ya kupima. Taungamoa wangetoka na sifuri tena, na mgao ungefungwa tena, na mvua za mwaka mwingine zingewakuta na mnara ule ule.

Toakase aliingia kwa Kitione. Mlango ulikuwa wazi, tukasikia.

"Bosi, Taungamoa wamo matangani."

"Najua, Kase. Pole tena."

"Isogeze wiki."

"Niisogeze!" Kitione alicheka bila furaha. "Makanisa yote yameshatangaza. Nikiisogeza kwa Taungamoa, kesho watu wa kisiwa cha 'Eua watasema na sisi tuna maiti. Hebu niambie, lini nchi hii haina maiti?"

"Basi niwape rangi yao kwa mkono."

"Kwa mkono wa nani?"

Kiti cha Kitione kikalia.

"Sharti la kwamba mkono usiguse ni la nani?" Kitione akauliza. Akajibu mwenyewe, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali: "Ni lako, Kase. Nilimnyima waziri kwa ajili ya sharti hilo. Alinitukania mpaka marehemu mama yangu."

Alipotoka, Feleti alimsubiri koridoni. "Mbona rahisi hii. Kwenye kibanda chetu cha mitambo kule Taungamoa kuna kompyuta. Naiwasha kutoka hapa, naiachia ipakue mechi za raga asubuhi mpaka jioni. Mashine itadhani kisiwa kizima kimeingiwa na wazimu."

"Hapana."

"Nani atajua?"

"Pale mwanga mtupu umeshatosha, Feleti."

Akakaa kwenye meza yake. Kila mmoja wetu alikuwa akiwaza jambo lilelile, ila hakuna aliyetaka kulitoa. Mimi nikalitoa.

"Yupo mtu anayeweza kuyaanua matanga yale kabla ya siku yake."

Kwetu shangazi ni mkubwa. Watoto wa kaka yake hawakatai neno lake. Msibani hukaa juu ya mikeka mizuri, kichwani pa maiti, na akisema jambo limekwisha, limekwisha, hata wazee wafinye nyuso. Isileli hakuacha dada mwingine. Toakase alinitazama kana kwamba nimemvua mkeka mbele ya watu.

"Lose," akasema, "hivi unajua unaniambia nifanye nini?"

"Najua, dada."

"Unaniambia nimkatie kaka yangu kilio chake."

Kesho yake alikuja na begi, akaniambia nami nichukue vifaa vyangu vya kibandani, tunaondoka.

Kisiwa kilipotutokea mbele ya boti kilikuwa kama picha ya kisiwa. Moshi ulipanda, nguruwe walitembea ufukweni, watu walisimama, na hapakuwa na sauti. Watoto waliokuja kushika kamba ya boti walinong'ona. Mbwa mmoja alibweka, mzee akamtupia kiganda cha nazi, na yule mbwa akaonekana kuona haya.

Nyumba ya Isileli ilikuwa imejaa. Toakase alipandishwa juu ya mikeka mizuri, mkeka juu ya mkeka, mpaka kichwa chake kikawa juu ya vichwa vyote. Fane, binti mkubwa wa marehemu, akakaa nyuma yake kumpepea. Na chini kabisa, karibu na mlango wa jikoni, alikaa wifi yake Pisila, mjane, nywele zimekatwa, amezama ndani ya mkeka mbovu uliomfika kifuani. Ndivyo inavyotakiwa. Mke wa kaka hukaa chini ya dada. Lakini macho ya Pisila hayakukaa chini.

Alikuwepo pia Soakai, msemaji wa kijiji, mwenye tumbo kubwa na sauti ya kuhubiri, ambaye wakati huu alikuwa akihubiri kwa mnong'ono na jasho likimtoka kwa kazi hiyo.

Toakase aliwaeleza lililomleta. Aliwaeleza kila kitu, hata mkeka uliokuwa kiunoni mwake siku alipoipitisha ile sifuri. Hakujitetea. 

Alipomaliza, Pisila ndiye aliyesema.

"Kwa hiyo, wifi, ulituondolea simu, na sasa umekuja kutuondolea kilio."

"Pisila!" Soakai akamnong'onezea kwa hasira.

"Mwache aseme," Toakase akasema.

"Nitasema, ndiyo. Siku ile muuguzi alipanda juu ya tangi la maji. Mvua inampiga, simu ameinyoosha juu kana kwamba anamwonyesha Mungu. Ndani ya simu kulikuwa na picha ya moyo wa mume wangu, ile ya mistari. Akiituma, inarudi. Akiituma, inarudi. Daktari wa Neiafu anangoja, haioni. Baadaye daktari alituambia huenda isingesaidia. Huenda! Mimi nifanye nini na huenda?" Akajifuta uso kwa ncha ya mkeka. "Nikamwambia mume wangu, mpigie dada yako, yeye ndiye mwenye njia. Akanijibu, mwanamume hamwombi dada yake. Yeye ndiye wa kumpa. Nikamwambia, basi kufa na heshima zako!"

Fane aliacha kupepea.

"Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake, wifi. Nimelala nalo kila siku. Ndipo akaitaka simu. Nikampa. Akasema, ngoja. Akaniambia nimletee shati."

"Shati?" Toakase akauliza.

"Shati. Lile jeupe la kanisani. Hawezi kuinua mkono, namvalisha kama mtoto, namfunga vifungo, nalia, namwambia, Isileli, hakuoni huyo! Akakaa wima. Ndipo akapiga."

Toakase alifumba macho. Alikaa hivyo juu ya mikeka yake mizuri, mrefu, bila kusogea, na nikaona mikono yake imeshikana mapajani kama ya msichana aliyesikia mtu mlangoni. Alipofumbua alimtazama mjane tu.

"Wifi, ukitaka nirudi, nitarudi na boti hiihii."

Pisila alitikisa kichwa, polepole, mara nyingi. "Mtoto wa jirani ana pumu," akasema mwishowe. "Mvua zinakuja."

Soakai alijisogeza mbele, tumbo na yote. "Shangazi, nisamehe. Ukianua leo, watasema Isileli alililiwa nusu."

"Watasema."

"Watasema dada yake ndiye aliyekata."

"Nitawasikia."

"Wajukuu watasema. Kwetu jambo kama hili haliishi. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nikishakunywa kava ulimi ukalegea, nitalisema."

"Lisemeni vizuri, basi," Toakase akasema. "Semeni ni mimi. Msimtaje Pisila."

Akainua mgongo. Hakupaza sauti, lakini ilimfika kila mtu, hata waliokaa nje chini ya madirisha. "Matanga ya Isileli yamekwisha. Washeni simu zenu. Sitaki mpige kwa ajili yangu, wala msipige ovyo kuidanganya mashine. Kila mtu ampigie yule aliyekuwa anataka kumpigia. Akikosa, ajaribu tena. Kujaribu nako kunahesabiwa."

Hakuna aliyesogea. Neno lilikuwa limetoka na lisingerudi, lakini miili ilikuwa haijaliamini. Simu zilikuwa zimelala katika vikapu, ndani ya masanduku, chini ya mito. Nilimwona mwanamke mmoja akiugusa mfuko wake na kuuacha, kama anayegusa jiko kuona kama lina moto.

Toakase aligeuka nyuma. "Fane."

"Abee, shangazi."

"Wewe unataka kuongea na nani?"

Fane aliinamisha kichwa. "Na mtu mmoja. Yuko Auckland."

"Mtu gani?"

"Mtu tu, shangazi."

Kikongwe aliyekuwa pembeni, asiye na jino, akaguna: "Mtu tu ana masharubu?"

Kicheko kilipasuka katikati ya wanawake kabla hawajaweza kukizuia. Walijiziba midomo, wakatazamana kwa hofu, kisha wakacheka tena, safari hii huku wengine wakilia. Fane alificha uso kwa upepeo wake.

"Mpigie huyo mtu tu," Toakase akasema.

Niliondoka kwenda kibandani, upande wa pili wa kanisa, kuangalia mitambo, maana wiki ya kupima ilikuwa imeanza. Mwanzoni hesabu ilikuwa chini, imelala. Kisha ikashtuka. Nje nikaanza kusikia kisiwa kikiamka, nyumba moja, nyumba nyingine, ule mlio mdogo wa simu kuwashwa, kisha sauti za watu.

"Haloo! Haloo! Siaosi? Ni mama yako! Nani mwingine angekupigia kwa makelele hivi?"

"Usikate! Wewe, usikate, ndio kwanza nakusalimu!"

"Nyama ya kopo, ndiyo, na mashuka. Mashuka! Si mabuku, mashuka!"

"Imekatika. Shika, jaribu na yako."

Kijana mmoja alipanda juu ya tangi lile la maji, akasimama mkono juu, akimpigia kelele kaka yake Sydney kwamba ng'ombe amezaa. Mzee mmoja, aliyekosa wa kumpigia, alimpigia jirani yake wa ng'ambo ya ua, na wale wawili wakasimama kila mmoja upande wake wakiongea kwa simu na kusikiana bila simu. Nilitaka kwenda kuwaambia hiyo ni kuidanganya mashine. Kisha nikamsikia anamwambia jirani, "Samahani kwa yale ya yule nguruwe," nikawaacha.

Mnara wa zamani haukuweza kuwabeba. Simu nyingi zilikufa njiani. Lakini kila iliyokufa ilihesabiwa, na hesabu ikapanda ikawa kama mlima, siku ile na siku zilizofuata, kupita kisiwa chochote cha ukubwa ule. Sikuwahi kuona haja ya watu imesimama wima namna ile. Nilikaa nikiitazama, na sitaona haya kusema kwamba niliogopa kidogo. Yote yale yalikuwepo mwaka mzima, na sisi kwenye skrini yetu tulikuwa tukiona kilele kizuri, laini, kimetulia.

Wiki ilipokuwa ikiishia nilimtafuta Toakase nimwambie. Nyumbani hakuwepo. Pisila alikuwa anapika magimbi, mkeka mbovu bado kiunoni.

"Nilimuuliza kama nami nivue," akaniambia. "Akasema, wewe vaa mpaka moyo wako utakapochoka. Kumbe wifi yangu ana maneno." Akaelekeza kwa kidevu. "Yuko kwa kaka yake huko."

Makaburi ya Taungamoa yako kwenye mteremko nyuma ya kijiji. Kaburi la Isileli lilikuwa na mchanga mweupe uliorundikwa, na juu yake shuka la viraka lililoshonwa na wanafunzi wake, limetandazwa kwenye miti kama ukuta. Yale mawe meusi madogo yalikuwa bado ndani ya kikapu pembeni, hayajaoshwa, maana siku yake ilikuwa haijafika.

Toakase alikuwa amekaa chini, juu ya mchanga wenyewe, mgongo umelielekea kaburi karibu kuligusa. Tangu walipokuwa watoto dada huyu hakuwahi kukaa karibu na kaka yake kiasi hicho.

"Dada," nikasema, "zimepanda. Rangi yao inarudi. Hata leo wakizima simu zote, inatosha."

Akaitikia kwa kichwa. Nadhani alikuwa ameshajua. Sauti zilikuwa zikitufikia kutoka kijijini, zimechanganyika: mtu anaita haloo, haloo, mtu anaimba wimbo wa siku ya kuzaliwa kwa mjukuu aliye mbali, wanawake wameanza kugonga magome, na Fane anacheka na mtu wake, kicheko kirefu cha msichana, kinapanda, kinakatika, kinaanza upya.

Nikakaa karibu naye. Alikuwa akisikiliza kama alivyosikiliza lile kabati la chuma, kichwa kimeinama upande mmoja. Usoni hapakuwa na hasira. Aliugeuza uso kuelekea kijiji, kuelekea kelele zote zile alizoziamuru mwenyewe, na midomo yake ikafunguka. Sauti ilikuwa ndogo hivi kwamba mimi niliyegusana naye bega nusura niikose, na kule chini hakuna ambaye angeweza kuisikia.

"Nyamazeni kidogo," akasema. "Kaka yangu amelala."